Seti ya matone ya robo ekari kwenye kihamba kilichogawanywa: tathmini baada ya viangazi viwili

Nimeitumia seti ya umwagiliaji wa matone ya robo ekari kwa misimu miwili ya kiangazi kwenye ukanda wangu wa kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, huko Kibosho, mkoani Kilimanjaro, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watu walio katika hali kama yangu, yaani wale waliorithi kipande cha ardhi pamoja na kipande cha zamu ya maji. Nililipa shilingi 780,000 katika duka la pembejeo mjini Moshi, bila kuhesabu tangi wala kichanja chake. Kwa hesabu ya nyota ninaipa tatu kati ya tano. Mipira yenyewe ya kudondosha maji ni mizuri na ningeinunua tena, lakini seti nzima imepangwa kwa mtu mwenye shamba la mraba na bomba linalotoa maji kila siku, na watu wa namna hiyo ni wachache sana kwenye miteremko ya mlima huu.

Ili msomaji anielewe, ni lazima nieleze ardhi yenyewe. Baba yetu alikuwa na kihamba cha ekari moja, ambacho juu kinapakana na mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, na chini kinapakana na korongo. Alipofariki tulikigawana watu wanne, akiwamo dada yetu, ambaye kwa desturi ya zamani asingepata kitu na ambaye ninashukuru kwamba amepata. Kwa kuwa kila mmoja alitaka kugusa mfongo na kugusa njia, hatukukata vipande vya mraba; tulikata mikanda minne mirefu kutoka juu hadi chini, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 14 na urefu wa mita 72. Familia nyingi za huku zimekata hivyo hivyo, na sababu haihitaji mtaalamu kuieleza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,640,087 katika mkoa wa Kilimanjaro, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,861,934, ilhali mlima haujaongezeka hata hatua moja. Zamani mzee alimpa mtoto wa kwanza sehemu yake, akamwachia kitindamimba nyumba na kihamba cha nyumbani, na hao wa katikati wakatafuta ardhi kwingine. Sasa hakuna kwingine kwa bei ambayo wa katikati wanaimudu, na mimi ni wa katikati.

Tulipogawana ardhi tuligawana pia zamu ya maji, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo sikuliona hadi niliponunua seti hii na kuanza kupima. Baba alikuwa na zamu ya saa sita kwa wiki. Baada ya mgawanyo kila mmoja wetu alijiandikisha peke yake kwenye kamati ya mfongo, na katibu, kwa nia njema kabisa, akatupangia saa moja na nusu kila mmoja katika siku nne tofauti, kulingana na nafasi zilizokuwa wazi. Kwenye karatasi hakuna kilichopotea, maana saa moja na nusu mara nne ni saa sita zile zile. Lakini mfongo wetu ni wa udongo, na kila unapofunguliwa upya kuja upande wetu, hunywa wenyewe kwanza. Nimekaa pale na saa mkononi mara nyingi, na huchukua kama dakika 20 tangu ninapotoa mawe na magome ya mgomba kwenye mdomo wa juu hadi maji yanapofika kwangu kwa nguvu yake ya kawaida. Baba alipoteza dakika 20 hizo mara moja kwa wiki. Sisi watoto wake tunazipoteza mara nne.

Niliweka ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa ukanda wangu ikajaa kwa sekunde tano, maana yake ni lita nne kwa sekunde, au lita 240 kwa dakika. Kwa hiyo kwa dakika 70 zinazonibakia napata lita 16,800 kwa wiki, na sisi wanne kwa pamoja tunapata lita 67,200. Zamu ya baba, kwa maji haya haya, ingeleta lita 81,600. Tofauti ni lita 14,400 kila wiki, karibu sawa na zamu nzima ya mmoja wetu, na hakuna jirani aliyeziiba wala mvua iliyopungua. Zimemezwa na mfereji kwa sababu ya namna tulivyogawana.

Kabla ya seti, zamu yangu ya Jumatano, kuanzia saa kumi alfajiri, ilikuwa ni kazi ya jembe na tochi. Maji yaliingia kwa kasi, theluthi ya juu ya ukanda ililowa hadi matope yakafika kwenye vifundo vya miguu, na theluthi ya chini, ambako nilipanda hoho mwaka wa kwanza, ilibaki kavu wakati mwenye zamu inayofuata ameshafika kusimama kimya pembeni mwa mfongo akinisubiri nifunge. Hoho za chini zilidondosha maua, na nyanya za juu zikapata ukungu kwa unyevu uliozidi. Kwa hiyo nilikwenda mjini nikiwa tayari kabisa kuuziwa.

Dukani niliulizwa swali moja tu: ni ekari ngapi? Nikajibu robo, nikapewa boksi la robo. Ndani yake kulikuwa na mita 750 za mipira yenye vitobo kila baada ya sentimita 30, bomba kuu la mita 32, viungio 25, chujio dogo la plastiki lenye ukubwa wa ngumi, koki moja na karatasi ya maelekezo. Nilipoifungua nyumbani na kuipigia hesabu, nikaona kwamba aliyeipanga alikuwa na picha ya shamba lenye upande wa karibu mita 32 kwa 32: mistari 25, kila mmoja wa mita 30, na bomba kuu likipita upande mmoja. Eneo langu ni lile lile, ila umbo ni jingine kabisa.

Mtu anaweza kusema nilaze mipira kwa urefu wa ukanda tu na mambo yaishe. Haiwezekani, kwa sababu ukanda unashuka mlima. Nilipima kwa bomba laini lenye maji, kama mafundi wa nyumba wanavyopima usawa wa msingi, nikapata kwamba kutoka juu hadi chini ardhi inashuka karibu mita sita. Mpira ukilazwa kufuata mteremko huo, vitobo vya chini hupokea mgandamizo mkubwa kuliko vya juu, na unajikuta umerudia tatizo lile lile la mfongo ila safari hii kinyume, chini kunalowa na juu kunakauka. Ni lazima mipira ikatishe mteremko, yaani mistari mifupi ya mita 14, na bomba kuu ndilo lishuke mita 72. Kwa mpango huo mita 750 zinatoa mistari 53, na kila mstari unadai kiungio chake. Nilikuwa na viungio 25. Nilirudi dukani kununua vingine 28, nikaongeza mita 40 za bomba kuu na koki mbili za kugawa ukanda katika sehemu tatu, ili kila sehemu ifunguliwe peke yake. Robo ekari ya ukanda, kwa hiyo, ina gharama kubwa kuliko robo ekari ya mraba, na ninadhani mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutoa fedha.

Tangi ndilo jambo lililoniuma zaidi. Karatasi ya maelekezo inapendekeza simtanki la lita 1,000 kwenye kichanja cha mita moja na nusu, na muuzaji alinihakikishia kwamba hilo linatosha robo ekari. Linatosha kwa miche. Kila milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga zilizokwisha kufunga majani katika kiangazi cha huku zinahitaji kama milimita nne kwa siku. Ukanda wangu una mita za mraba 1,008. Kwa hiyo hitaji ni lita zipatazo 4,000 kila siku, au 28,000 kwa wiki. Mwenye bomba la nyumbani anaweza kulijaza tangi lake mara nne kwa siku na seti ikamfaa kama ilivyoandikwa. Mimi maji yangu huja mara moja kwa wiki kwa dakika 70. Tangi la lita 1,000 hujaa kwa dakika nne na sekunde kumi.

Nakumbuka vizuri alfajiri ile ya kwanza. Maji yaliingia tangini kwa kishindo, mimi na mke wangu tukiwa tumeshikilia mpira mdomoni mwa tangi, na kabla sijamaliza kufunga waya wa kuushikilia yakaanza kufurika na kumwagika juu ya kichanja. Nilikuwa na zaidi ya saa nzima ya zamu iliyobaki na sina pa kuyaweka. Yakapita, yakaenda kwa kaka yangu ambaye siku hiyo hakuyahitaji, na kutoka kwake yakaingia korongoni. Nilifungua sehemu zote tatu kwa pamoja ili kuona mipira inavyofanya kazi, na baada ya dakika kama 35 tangi lilikuwa tupu.

Yapo pia matope. Maji ya mfongo hubeba udongo laini, mchanga na vipande vya majani ya migomba, na mvua ikinyesha juu msituni hubadilika rangi. Chujio la seti liliziba ndani ya dakika kumi mara ya kwanza yalipokuja ya namna hiyo. Baada ya wiki tatu nilitembea kwenye mistari, nikakagua vitobo 120 kimoja kimoja kwa kuweka kidole chini yake, na 31 vilikuwa vikavu. Vingine vilifunguka nilipofungua ncha za mipira na kuacha maji yasukume uchafu nje. Vingine sikuweza kuviokoa. Nilipopiga simu dukani niliambiwa kwamba maji ya mfongo hayamo kwenye dhamana. Nilimwuliza kijana aliyenihudumia, kwa heshima, ni wateja wangapi wa Kibosho, Machame au Marangu anaowauzia seti hizi wana maji mengine ya kumwagilia yasiyokuwa ya mfongo, akanyamaza kidogo kisha akasema, “Kweli, mzee, hilo tungewaambia mapema.” Ninamheshimu kwa jibu hilo. Lakini dhamana inayoyaacha nje maji ambayo wateja wengi wa vijijini wanayo ni dhamana isiyomlinda mtu.

Baada ya kulalamika kiasi hicho, ni haki nieleze kwa nini bado ninaipa nyota tatu. Mara maji yanapokuwa safi na yanapatikana, kazi ya mipira hii ni ya kupendeza. Kila mche hupata sawa na mwenzake, kutoka mfongoni hadi korongoni, na kwa mara ya kwanza tangu nilipokabidhiwa ukanda huu theluthi ya chini imezaa. Magugu yamepungua sana kwa kuwa katikati ya mistari ni pakavu. Majani ya nyanya hayalowi, na ukungu uliokuwa ukinimaliza msimu wa kwanza umepungua kiasi kwamba nimenunua dawa mara moja tu kiangazi chote. Mnafu niliopanda kwenye mistari ya pembeni mama mkwe wangu aliusifu bila kuulizwa. Mbolea ya maji ninaichanganya tangini na inafika kwenye mizizi, haikimbilii kwa jirani.

Kilichoibadilisha seti hii kutoka hasara kuwa faida hakikutoka dukani. Wazee wetu waliochimba mifongo walichimba pia nduwa, mabwawa madogo ya kupokea maji ya usiku ili yatumike mchana, na kwetu iliwahi kuwapo moja ambayo ilifukiwa ili kupanda migomba. Kiangazi cha pili nilichimba nduwa ndogo juu kabisa ya ukanda wangu, mita nne kwa nne na kina cha mita moja, nikaitandika karatasi nzito ya plastiki, nikaizungushia uzio kwa ajili ya watoto. Inachukua lita 16,000, karibu zamu yangu yote. Maji hutuama humo usiku mmoja, matope yakazama, nami huyachota kwa bomba lililoinuliwa sentimita 20 kutoka chini. Kwa kuwa ukanda unashuka, sehemu mbili za chini zinamwagiliwa moja kwa moja kutoka kwenye nduwa bila kichanja wala pampu, na ni sehemu ya juu tu inayohitaji tangi. Mteremko ule ule uliokuwa adui wa mfongo umekuwa ndio nguvu ya matone. Chujio sasa ninaliosha mara moja kwa wiki.

Hata hivyo lita 16,800 ni asilimia 60 tu ya lita 28,000, kwa hiyo katika miezi mikali ya kiangazi silimi ukanda wote; ninalima mita za mraba kama 600 na kuziacha nyingine na matandazo. Hapa seti ya matone inafika mwisho wa uwezo wake. Inaweza kuyatumia vizuri maji yanayofika, lakini haiwezi kuzirudisha dakika tulizogawana vibaya.

Kwa sababu hiyo nilimwendea kaka yetu mkubwa na daftari langu la vipimo. Nilimwambia, “Kaka, sisi ardhi tumegawana na haina kurudi, lakini maji tungeweza kuyarudisha pamoja.” Wazo ni kwamba tuiombe kamati ituunganishie zamu zetu nne ziwe saa sita mfululizo, kama ya baba, na tuchimbe nduwa moja ya lita 60,000 itakayolisha mikanda yote minne, kila mmoja akiwa na koki yake. Aliangalia hesabu kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo ndilo gumu: nduwa hiyo ikae kwenye ukanda wa nani? Nduwa ya ukubwa huo inakula mita za mraba 40 na zaidi, na kwa mtu mwenye mita 1,008 hicho si kitu kidogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo ugawaji wa ardhi unapoyaumiza maji kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa vyombo vya kuyatunza maji, iwe nduwa, mfereji au njia ya bomba, vinahitaji nafasi ambayo hakuna mrithi hata mmoja aliyebaki nayo ya ziada.

Nimewasikia wengine wakisema kwamba dawa ni serikali kupanga upya mashamba yawe na maumbo sawa. Chini yetu, kwenye uwanda, mfano upo. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani kati ya mwaka 1984 na 1987, iliwapangia wakulima vipande vya hekta 0.3, mita 100 kwa 30, kila kimoja kikiwa na mfereji wa kuingiza maji na wa kuyatoa. Majaruba yale yalipendeza na mpunga ulizaa vizuri, kiasi kwamba watu wa juu ya mabanio, yaani mahali skimu inapochukulia maji mtoni, kwenye mito ya Rau na Njoro, nao walianza kulima mpunga, na yaliyobaki hayakutosha kulilisha eneo lote la hekta 1,100 lililopangiwa mpunga. Umbo zuri la shamba linasaidia kugawa maji yaliyopo. Halimzuii mtu wa juu kuyachukua. Nami ni mtu wa juu. Lita ninazoziacha zipotelee kwenye mfereji mkavu, au zinazofurika kwenye kichanja changu, si zangu peke yangu, na ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka matumizi kama haya yawe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwetu ni ya Pangani, na inazitambua jumuiya za watumiaji maji.

Kwa anayefikiria kununua, ninashauri aende dukani na mchoro wa ukanda wake wenye vipimo vya upana, urefu na mteremko, ajue maji yake huja mara ngapi kwa wiki na kwa dakika ngapi, na akatae kuuziwa kwa swali la ekari peke yake. Auziwe mipira kwa mita na viungio kwa idadi, si boksi. Fedha za simtanki na kichanja, ambazo kwangu zilizidi shilingi 400,000, azielekeze kwanza kwenye karatasi ya nduwa na kwenye chujio kubwa. Na kabla ya hayo yote, kama ana ndugu wanaopakana naye, wakae waangalie ratiba ya zamu zao. Kazi hiyo haina gharama, na kwetu ina thamani ya lita 14,400 kila wiki.

Kamati ya mfongo imekubali kutuunganishia zamu kuanzia baada ya masika, kwa sharti kwamba wote wanne tufike kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mfereji, si mmoja kwa niaba ya wengine. Dada yetu ndiye aliyejitolea nafasi ya nduwa, juu ya ukanda wake, kwa makubaliano kwamba sisi watatu tutalipia karatasi na yeye atachagua wa kwanza siku ya kumwagilia. Vigingi vimeshachomekwa, na kamba imefungwa.